Mbeleko Iliyomo Ndani ya Chavua

Ndugu mwenyekiti, maafisa ugani, walimu wenzangu, wazee wetu wa mashamba ya mbegu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: hamjambo?

Kabla sijaenda mbali, tazameni huu mfuko wa kaki hapa mezani. Ndani yake mna mbelewele mbili za muhindi, yale maua dume ya kileleni. Nimezikata leo saa tatu na robo, umande ulipokwisha kukauka, na sasa hivi ni saa tatu na nusu. Lile vumbi la manjano mle ndani ni mamilioni ya punje za chavua, na kila punje ni kiumbe hai kinachokufa huku sisi tukisalimiana. Chavua ya muhindi haina subira. Kwenye jua kali nusu saa inaweza kutosha kuimaliza. Kivulini, penye ubaridi, labda saa mbili. Kwa hiyo nitakwenda mbio, na mwenyekiti ana ruhusa ya kunigongea meza.

Kitendawili!

Nimesikia "tega" za watu watano tu, lakini zinatosha. Nyumba yangu ina mlango mmoja, na ndani yake mama mkubwa amewabeba watoto wawili wa mdogo wake kwa mbeleko aliyoikata kwenye ngozi yake mwenyewe.

Kimya. Basi nipeni mji. Mombasa? Ahsanteni, nimeupokea, ila nitashukia njiani, pale Kiboko kwenye barabara kuu itokayo Nairobi, na mtaona baadaye kwa nini. Jibu ni punje moja ya chavua ya muhindi. Mazungumzo yangu yote asubuhi hii ni juu ya hiyo mbeleko.

Tulipokuwa shuleni, tulifundishwa kuhusu chavua tukaishia kwenye ukuta. Tulichora duara lenye miiba, tukaandika "ukuta wa nje", mwalimu akatia alama ya vema, tukahamia somo la nyuki. Siudharau ukuta huo. Umejengwa kwa sporopolenini, kitu kigumu kiasi kwamba wataalamu wa chavua za kale huchemsha matope ndani ya asidi kali, kila kitu kingine kinaliwa, kuta za chavua zinabaki. Kwa njia hiyo wamesoma misitu iliyokuwapo maelfu ya miaka iliyopita katika matope ya Sacred Lake, ziwa dogo la Mlima Kenya. Wahenga walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Lakini chungu anavuna ganda. Punje zile zilikufa siku ileile zilipodondoka ziwani. Ukuta unadumu kwa sababu hauna uhai wa kupoteza. Mkulima hapati hata punje moja ya hindi kutokana na ukuta.

Uhai umo kwenye utando.

Neno hili ni letu na tunalo kila siku. Mawingu yanatanda, buibui anatanda, kitanda, mtandao, hata utandu wa wali ambao watoto hugombania chini ya sufuria. Utando wa seli ni jamaa wa hao wote: kitu chembamba kilichotandazwa. Wembamba wake ni kama nanomita 7 au 8. Chukua karatasi moja ya daftari. Ukitaka kuufikia unene wake kwa tando za seli, itakubidi upange zaidi ya tando 10,000. Umefumwa kwa safu mbili za mafuta. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, hivyo vichwa vinatazama nje na ndani, mikia inajificha katikati. Humo katikati zinaelea protini: milango, pampu, pua za kunusia. Picha hiyo ya protini zinazoelea kwenye mafuta ilichorwa na watafiti Singer na Nicolson mwaka 1972, na ingawa imerekebishwa hapa na pale, bado ndiyo tunayofundishia.

Naomba mshike neno "zinaelea". Utando wenye afya ni ule ulio majimaji. Ukiganda, kuna shida.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Nikiwa mwanafunzi, nilitumwa kukusanya chavua shamba la majaribio. Mifuko ya kaki ilikuwa imekwisha, nikaona ujanja: nikatumia mifuko ya nailoni, nikaiweka kwenye kapu la baiskeli, juani, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, chavua ilikuwa imetoa jasho na kushikana kama tope. Nikaipaka hivyohivyo kwenye nywele za mahindi, zile ambazo wengine mnaziita ndevu. Magunzi yaliyotoka yalikuwa na meno ya kuhesabika, kama ya bibi kizee. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mbegu ilikuwa mbovu. Mbegu ilikuwa nzuri. Mbovu nilikuwa mimi. Joto linapozidi 38 °C chavua ya muhindi hushindwa kuota, na ndani ya nailoni juani joto lilikwishapita hapo zamani.

Chavua niliyoiua, mngeitazama kwa hadubini, isingeonekana tofauti na hai. Ukuta ni uleule, duara ni lilelile. Ili kuzitenganisha tunatumia kipimo kilichoelezwa na John na Yolande Heslop-Harrison mwaka 1970, na nadhani hakuna kipimo kizuri zaidi cha kumfundishia mtoto maana ya utando. Unachukua dawa isiyo na rangi ambayo hupenya utando bila hodi. Ikifika ndani, vimeng'enya vya seli vinaikata, nayo inageuka kuwa kitu kingine, king'aacho kijani cha manjano ukikimulika kwa mwanga wa bluu. Na hicho kipya hakiwezi kutoka haraka, kwa sababu utando mzima haukiruhusu. Chavua hai inawaka kama kimulimuli. Iliyokufa nayo pengine ina vimeng'enya, inatengeneza mwanga uleule, lakini utando umetoboka na mwanga wote unavujia nje. Kinachopimwa hapo ni kama nyumba bado inaweza kufunga mlango.

Sasa turudi kwenye kuganda. Wenyeji wa pwani mnajua chupa ya mafuta ya nazi: Tanga ni maji, ukipanda nayo Lushoto asubuhi inakuwa jiwe. Mafuta ya utando nayo hufanya hivyo, lakini kwa chavua si baridi peke yake. Hata ukavu unayagandisha. Maji yaliyokuwa yakikaa kati ya vichwa vya mafuta yakiondoka, vichwa vinasogeleana, mikia inabanana, utando unaganda hata kama siku ni ya joto. Kuganda huko peke yake hakuiharibu chavua kavu. Hatari iko kwenye kurudisha maji. Ukiimwagia maji ghafla, utando unayeyuka bila mpango, huku umelowa na kule bado umeganda, na pale mpakani unavuja. Folkert Hoekstra wa Wageningen, Uholanzi, pamoja na John na Lois Crowe wa California, walilifuatilia jambo hili kwenye chavua ya Typha, yale majani marefu ya kinamasi yenye kichwa cha kahawia. Dawa yao ni ya kawaida kabisa: chavua kavu kwanza ikae kwenye hewa yenye unyevu, ivute mvuke polepole, mafuta yalainike, ndipo iguse maji. Wakaonyesha pia kwamba sukari ndani ya seli hukaa pale maji yalipokuwa, ikavitenga vichwa vya mafuta visibanane.

Chavua ya mtende inauweza ukavu huo. Ndugu zetu wa Oman hukata vishada vya maua dume, hukausha, na chavua ikitunzwa vizuri hufaa hata msimu unaofuata. Muhindi hauwezi. Unatoa chavua ikiwa bado na maji mengi, zaidi ya nusu ya uzito wake, nayo haikufundwa kukauka. Ndiyo sababu hakuna anayewauzia chavua ya mahindi kwenye pakiti dukani.

Saa tatu na dakika arobaini. Tukimbie.

Punje imetua kwenye unywele wa hindi changa. Inakunywa, inavimba, na kupitia ule mlango mmoja wa kitendawili, maana chavua za jamii ya nyasi zote zina tundu moja, unachomoza mrija. Mrija huu utapita ndani ya unywele hadi kwenye kijiyai, safari inayoweza kuzidi sentimita 20, kwa mwendo wa karibu sentimita 1 kwa saa. Hakuna seli nyingi duniani zinazokua kwa kasi hiyo. Na unakua nchani tu. Vifuko vidogo vya utando, vilivyojaa malighafi ya ukuta, vinaletwa na mikondo ya saitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, kando kando ya mrija, vinafika nchani, utando wa kifuko unaungana na utando wa seli, mzigo unamwagwa nje, ncha inasogea. Ila utando unaoletwa hivyo ni mwingi kuliko unaohitajika. Fundi analeta bati nyingi kuliko paa. Kwa hiyo palepale pembeni seli inaumeza tena utando wa ziada, kidogo kidogo, na kuurudisha nyuma kwa kupitia katikati ya mrija. Kalsiamu inayoingia kwa milango ya utando wa nchani ndiyo inayoelekeza: pale ilipo nyingi, ndipo mrija unapokwenda. Nyuma, sehemu iliyokwisha pitwa inazibwa kwa vizibo na kuachwa tupu. Yaani mrija mrefu kuliko kiganja, lakini aliye hai ni yule wa mbele tu.

Ningeweza kuzungumzia mrija hadi jioni, lakini mzigo wake ndio ulionileta.

Chavua inapotengenezwa, seli moja hugawanyika kuwa ndugu wawili bila usawa: mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Yule mdogo mwanzoni amebanwa ukutani. Halafu linatokea jambo ambalo mimi, miaka yote hii, bado linanishangaza: mkubwa anammeza mdogo wake. Mzima mzima, bila kumdhuru. Mdogo anajikuta akielea ndani ya tumbo la dada yake, kisha anagawanyika, na wanazaliwa wawili, ndizo mbegu za kiume. Hao ndio watoto wa mdogo, na yule mkubwa, atakayeota mrija, ndiye mama mkubwa wao. Najua huu ni upande wa kiume wa ua na mimi nimejaza akina mama. Mtanisamehe.

Sasa fikirini alivyomezwa. Ukiusukuma mpira laini kwenye shuka iliyotandikwa, shuka inaufunika mpira pande zote. Ndivyo ilivyokuwa. Utando wa nje wa mama mkubwa uliingia ndani pamoja na aliyemezwa, ukabaki umemzunguka. Kwa hiyo kila mtoto ana utando wake mwenyewe, na juu yake, wote wawili pamoja, wamefungwa katika utando wa pili ambao si wao, umegeuzwa kama kanzu iliyovuliwa ndani nje: upande uliokuwa ukitazama nje ya seli sasa unawatazama watoto. Hiyo ndiyo mbeleko. Ndiyo inayowashika wale wawili pamoja, na mbegu hizo hazina mkia wa kuogelea, zinavutwa tu, mwendo wote wa sentimita 20.

Kwa muda mrefu mbeleko hii ilikuwa mstari mmoja tu kwenye picha za hadubini ya elektroni. Wengi waliuona kama karatasi ya kufungia andazi. Ni mahindi yaliyowazindua.

Mwaka 1959 Mmarekani Edward Coe alieleza ukoo wa mahindi uitwao Stock 6, wenye tabia ya ajabu. Chavua yake ikitumika kwenye mahindi mengine, karibu watoto 3 katika kila 100 hawana chochote cha baba. Wana kromosomu 10 za mama peke yake, badala ya 20. Kwa kawaida jambo hilo hutokea kama mara 1 katika 1,000. Wazalishaji wa mbegu waliukamata ukoo huo kwa mikono miwili, wakauboresha, wakaanza kuutumia, na hakuna aliyejua kinachotendeka mle ndani. Mwaka 2017 makundi matatu, la Marekani, la China na la Ufaransa, yakakutana kwenye jeni moja, kila moja likaipa jina lake. Wafaransa waliipa jina lenye maana ya "hafanani na baba". Jeni hiyo inatengeneza kimeng'enya kinachoshughulika na mafuta ya utando, na katika Stock 6 imeongezewa herufi 4 tu za DNA karibu na mwisho wake.

Kimeng'enya hicho kinakaa wapi? Kwenye mbeleko. Wafaransa walionyesha kwamba kinajishikiza kwenye ule utando wa ndani kwa nanga za mafuta na kwa mvuto wa chaji za umeme. Zile herufi 4 zinaharibu mkia wake, hakikai tena pale panapostahili, na kwa sababu hiyo baadhi ya mbegu zinaota zikiwa yatima wa baba. Namna hasa mbegu ya kiume inavyoharibika wataalamu bado wanaibishania: wapo wasemao kromosomu zake huingia kisha zikatupwa, wapo wasemao moja ya zile mbili haiungani kabisa. Lakini mahali pa kosa pamejulikana, nako ni kwenye kitambaa cha nanomita chache kilichodhaniwa ni karatasi ya andazi.

Na hapa ndipo ninaposhuka. Kiboko, kaunti ya Makueni, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Kenya, na mwaka 2013 CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, ilifungua hapo kituo cha kutengeneza mahindi ya namna hii kwa ajili ya Afrika. Wanachukua yatima hao wa kromosomu 10, wanawapa dawa iitwayo kolchisini, kromosomu zinakuwa 20, kila moja ikiwa na pacha wake halisi. Ndani ya misimu miwili unapata mstari safi wa mbegu. Kwa kuchavusha muhindi kwa chavua yake mwenyewe ungehitaji vizazi sita au zaidi. Wazee mliofanya kazi hiyo kwa mikono mnajua ni miaka mingapi ya mgongo. Na hawahitaji maabara kumtambua yatima. Baba amewekewa alama ya rangi ya zambarau. Punje ikiwa na utosi wa zambarau lakini kiini chake cheupe, hiyo ndiyo: chakula cha mbegu kilipata baba, kiinitete hakikupata.

Mwanafunzi pale ameinua kidole, najua anachotaka kuuliza. Inakuwaje punje moja ipate baba nusu?

Kwa sababu mbegu za kiume ni mbili na kila moja ina kazi yake. Sergei Navashin alilitangaza hili mwaka 1898, kutoka Kiev, akichunguza maua ya jamii ya yungiyungi. Moja inaungana na yai, inakuwa kiinitete. Ya pili inaungana na seli kubwa ya katikati, inakuwa ghala la wanga. Kwa hiyo ugali wa sembe, ambao mashine imeukoboa kiini chote, ni kazi ya yule wa pili karibu peke yake. Anayekula dona amewala wote wawili.

Kufika hapo kunahitaji tando zipasuke kwa zamu. Mrija ukifika, seli za jirani ya yai zinatoa protini ndogo. Katika muhindi protini hiyo inafungua mlango wa potasiamu kwenye utando wa mrija. Potasiamu inaingia, maji yanaifuata, mrija unapasuka. Utando uliohangaika siku nzima usivuje, kazi yake ya mwisho ni kupasuka. Kisha mbeleko nayo inafunguka, na watoto wanabaki na ngozi zao wenyewe. Kwenye mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, watafiti wa Japani waliwapiga picha hai: wanakaa kimya kama dakika 7 kati ya yai na seli ya katikati, bila kusogea, halafu wanaungana.

Protini inayounganisha utando wa mbegu na wa yai inaitwa HAP2. Imefichwa kwenye vifuko ndani ya mbegu. Yai likitoa ishara, inapanda juu ya utando. Mwaka 2006 Mjapani Toshiyuki Mori na wenzake walionyesha, wakianza na chavua ya yungiyungi, kwamba bila hiyo hakuna kuungana. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwenye vimelea vya malaria. Ndani ya tumbo la mbu, kimelea dume kisicho na HAP2 kinamfikia jike, kinamgusa, na hapo kinaishia. Kwa hiyo sasa wapo wanaotafuta chanjo ya kuikata malaria tumboni mwa mbu kwa kutumia protini iliyoanzia kuchunguzwa kwenye ua. Na mwaka 2017 umbo lake lilipochorwa, likafanana na silaha ambayo virusi kadhaa hutumia kujiunganisha na seli zetu: dengi, homa ya Bonde la Ufa, na chikungunya, ambayo jina lake ni la Kimakonde na ilielezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyanda za kusini mwa Tanzania, baada ya mlipuko wa 1952. Mkono mmoja wa kale, umegawanywa kwa ua, kimelea na kirusi.

Mwenyekiti amegonga meza. Ni saa nne kasoro dakika tano.

Hadubini mbili ziko chini ya mwembe, taa ya bluu imeshawashwa, na kuna kitambaa cheusi cha kujifunikia ili muone mwanga vizuri. Chavua ya mfuko huu sasa ina dakika arobaini. Pembeni nimeweka nyingine, ya jana, kwenye mfuko wa nailoni; hiyo msiniulize nimeipata wapi. Wanafunzi wa nyuma watangulie, wamesimama muda mrefu. Maswali mtaniuliza tukiwa tunatazama.